Mpishi na Pipa la Beberu

Mpishi wa misheni yetu hakuonja hata mara moja pombe aliyoitengeneza. Alikuwa Mwislamu wa Tanga aliyeishi katikati ya mapadre na masista, na kila Ijumaa alivua aproni, akavaa kanzu yake aliyoifua kwa buluu, akateremka kwa miguu kupita Ruring'u mpaka msikitini mjini Nyeri. Alasiri alirudi. Na kama ulikuwa msimu wa pombe, kabla hata ya kuuliza wageni wa jioni ni wangapi, alikwenda kwenye shimo lililochimbwa ukingoni mwa mto, akapiga magoti, akalaza sikio lake la kulia juu ya pipa.

"Yuko," alisema. Siku nyingine alisema, "Bado amelala."

Mimi niliyefundishwa Kiswahili darasani nilidhani ni kosa la sarufi, nikamsahihisha. Nilimwambia pombe "iko", pombe "imelala". Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "kikiwa kinapumua, utakiitaje kitu?"

Naandika habari zake sasa kwa sababu Mungu amenipa umri mrefu kuliko nilivyostahili, na katika umri huo nimeshukuru kwa mengi: mke, watoto, wajukuu, macho ambayo bado yanasoma. Lakini shukrani ya mtu haikamiliki kama kuna jambo analoliruka kila anapohesabu mema yake. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na waasi wa msituni, mimi ndiye niliyeandika kwa chaki juu ya pipa la Mpishi neno moja lililomfanya akamatwe. Siku waliyomkamata nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nikanyamaza. Habari za mtu huyu siwezi kuzieleza bila kueleza hilo.

Alikuwa mfupi, na mikono mikubwa isiyolingana na mwili, kana kwamba aliiazima kwa mtu mwingine. Jikoni kwake hakuna aliyeruhusiwa kupiga mluzi, wala kufunga mlango kwa kishindo wakati unga unaumuka. Watumishi wengine walimwogopa. Akikasirika hakupiga mtu, alipiga meza kwa mwiko, mara moja tu, na kila mtu akajua ni nani anayepigwa. Lakini mtu huyo huyo mkali, katika miaka ile ambayo kina mama walipita mbele ya misheni kila asubuhi na majembe, wakipelekwa kuchimba handaki kando ya msitu, alikuwa akiweka maganda ya mkate na viazi vya jana juu ya nguzo ya ua wa nyuma. Hakungoja kuona ni nani anachukua. Siku moja sista mmoja alimuuliza kwa nini mkate unapungua. Alijibu kwamba panya wa Nyeri ni wengi na wana njaa, na sista, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza tena.

Hakuwa na saa. Yai alilichemsha kwa kusoma Fatiha, na idadi alikuwa nayo mwenyewe. Sista mkuu wa jiko alipima yai kwa Salamu Maria. Walibishana juu ya jambo hilo mwaka mzima, mpaka siku moja walipochemsha sufuria mbili pamoja, kila mmoja akisoma zake kwa sauti ya chini. Mayai yaliiva sawasawa. Hawakubishana tena, ila nilimwona Mpishi akiyatazama yale mayai kwa muda mrefu.

Nilipomuuliza kwa nini mtu wa dini yake anatengeneza pombe, alinyoosha ile mikono yake. "Hii imeajiriwa na misheni," akasema. Kisha akagusa kinywa. "Hiki hakijaajiriwa."

Pombe yenyewe ilikuwa haja ya Padre wetu mzee, mtu wa kusini mwa Ujerumani, ambaye alikuwa na miaka zaidi ya thelathini bila kuona kwao. Kila Kwaresima alizungumza juu ya bia nyeusi, nzito, tamu kama mkate uliochomwa, ambayo watawa wa kwao waliinywa wakiwa wamefunga chakula. Ilikuwa na jina la dume la mbuzi. Padre aliitaja kama mtu anavyomtaja dada yake aliyefariki. Mpishi naye, ujanani, alifanya kazi jikoni kwa Wajerumani kule Usambara, na aliiona ikitengenezwa. Basi wazee hawa wawili walikutana jikoni na kuzungumza juu yake kwa Kijerumani. Mpishi alibakiwa na maneno ya amri tu, leta, ondoa, haraka, polepole, kwa hiyo aliyewasikia kutoka nje alidhani wanagombana.

Shayiri ilitoka kwenye mashamba ya walowezi upande wa Timau. Mpishi aliiloweka, akaitandaza juu ya magunia mpaka ikachipua, akaikausha kwenye tanuri la mkate kwa moto uliokaribia kuzimika, siku mbili, mpaka ikawa na rangi ya njugu za kukaanga. Akaisaga, akaitia maji ya moto, kisha akafanya jambo nililoliona la ajabu: alichota sehemu ya uji ule, akauchemsha peke yake, akaurudisha kwa wenzake, akarudia tena na tena. Alisema ndipo unapopata rangi. Maua makavu ya kutia uchungu yalitumwa kwa posta na dadake Padre, ndani ya soksi.

Kilichokosekana ni hamira. Hamira ya bia haikupatikana kokote kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, na mara ya kwanza Mpishi alipojaribu hamira ya mkate, Padre alikunywa kikombe, akafikiri, akasema kwamba kwa kupaka ukuta itafaa.

Hapo ndipo alipoingia mzee wa ng'ambo ya mto, ambaye sisi sote tulimwita Guka, yaani babu. Alikuwa Mkikuyu wa zamani, hakubatizwa, lakini kila alipopita alimwamkia Padre kama mtu anayemwamkia mwenye kazi moja naye. Alikuwa na kikohozi ambacho watoto wa shule waliweza kukiiga: mara tatu fupi, kisha pumzi moja ndefu. Guka alitengeneza muratina, pombe ya wazee ya miwa na asali, ambayo huchachishwa kwa tunda la mti wa jina hilo hilo. Tunda hilo ni refu kama mkono wa mtu. Hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa, na nyuzi zake hubeba chachu kutoka pombe moja hadi nyingine, miaka na miaka. La kwake alilirithi.

Nilikuwepo siku alipompa Mpishi nusu yake. Aliileta chini ya blanketi, ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba, nyeusi, nyepesi, imekauka kama mfupa.

"Hii si matunda tu, Mpishi," Guka alisema kwa Kiswahili chake. "Hii iko na watu ndani. Baba yangu alikunywa, na baba yake. Arusi yangu ilikunywa. Wote wako hapa."

"Wanafanya nini humo?"

"Wanangoja kuitwa."

Mpishi alicheka. "Basi mimi nitawaita kwa Kijerumani."

Guka hakucheka. "Watakuja tu. Na mimi nitakuja, siku yangu ikifika. Usiniweke mahali pa moto sana, kifua yangu iko mbaya."

Niliyachukua kuwa maneno ya mzee. Lakini Mpishi aliacha kucheka, akaipokea ile nusu kwa mikono miwili.

Kila mtu wa Nyeri anajua kwamba muratina hukaa karibu na moto, na siku mbili inakuwa tayari. Bia ya Padre ilitaka kinyume: baridi, giza, na wiki nyingi za kungoja. Mpishi alisema kazi yake ni kulifundisha tunda hilo subira. Alichimba shimo pale ambapo maji ya mto kutoka Nyandarua yanapita chini ya ukingo, mahali ambapo ukitia mkono unauma, akaliteremsha pipa, akalifunika kwa mbao na majani ya gugu. Ilikuwa baada ya Krismasi. Alitaka kulifungua Pasaka.

Siku nane hapakuwa na kitu. Alikwenda asubuhi na jioni na sikio lake, akarudi akitikisa kichwa. "Amelala." Siku ya tisa tuliamka tukaona moshi ng'ambo ya mto. Guka alikuwa amekataa kuhamia kijiji kipya chenye handaki na miiba ambamo watu wote waliamriwa kuingia, na sasa boma lake lilikuwa linaungua. Wengine walisema alichukuliwa kwa lori. Wengine walisema hakutoka nyumbani. Hatukuambiwa amezikwa wapi, na katika miaka ile hukuuliza mara mbili.

Saa sita mchana Mpishi alikuja mlangoni pa darasa langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniita kwa kidole. Tulishuka mtoni.

"Weka sikio," akaniambia.

Nililaza sikio juu ya mbao. Ndani ya pipa kulikuwa na sauti ndogo ndogo za povu, kama mvua ya mbali. Kisha nikasikia mara tatu fupi. Kisha pumzi moja ndefu.

"Umesikia?"

"Ni hewa tu, Mzee," nikasema. "Hamira ikifanya kazi hutoa hewa."

"Hewa," akasema Mpishi, akijifuta magoti. "Haya."

Sikurudi kusikiliza tena. Nilikuwa mtu wa sala wakati ule kama nilivyo sasa, na nilijua namna ya kujielezea mambo mpaka yakanyamaza.

Sasa nifike kwenye neno. Ndani ya shimo kulikuwa na mapipa mawili, hilo la bia na jingine la siki ya ndizi. Juma moja kabla ya Kwaresima Mpishi alinijia akiwa na wasiwasi.

"Niandikie jina, Mwalimu. Sista asije akamchota huyu akamtilia kwenye kachumbari."

"Jina lake nani?"

"Padre anamwita Bok. Maana yake beberu. Andika Beberu."

Mimi nilitoka Magharibi, upande wa Mumias. Nilikuwa nimekaa Nyeri mwaka na miezi michache tu, nikijifunza Kikuyu kutoka kwa wanafunzi wangu, na nilijivunia kila neno kama mtoto na viatu vipya. Nilikuwa nimefika kwenye wanyama. Nikamwambia kwamba pipa la Nyeri liandikwe kwa lugha ya Nyeri, na kwamba beberu kwa Kikuyu ni thenge.

Alikuna shingo. "Andika Kiswahili, Mwalimu. Lugha ya wenyewe ina vyumba ambavyo mgeni haonyeshwi."

"Mbuzi ni mbuzi, Mzee."

Nikaandika kwa herufi kubwa, mwandiko wa mwalimu: THENGE. Kwa kuwa nilifurahi, nikachora na pembe mbili juu yake.

Nilichokuwa sijaonyeshwa ni hiki. Wazee wa Kikuyu walikuwa na kiapo cha kale ambacho mbuzi dume hupigwa kwa mawe mpaka mifupa ivunjike, na anayeapa uongo hujiombea avunjike hivyo hivyo. Kiapo hicho kilitajwa kwa jina la huyo mbuzi. Halikuwa neno la mchezo hata wakati wa amani. Na hizo zilikuwa siku ambazo serikali iliwinda viapo nyumba kwa nyumba, na watu walinyongwa kwa ajili yake. Mkikuyu yeyote ambaye angekuta neno hilo, na pembe, juu ya pipa lililofichwa shimoni chini ya majani, asingefikiria jiko la mapadre.

Walikuja Jumanne ya Wiki Takatifu, saa nne asubuhi, jua likiwaka na mlima ukionekana wote. Padre alikuwa Murang'a akiwaungamisha watu wa kambi. Alikuja afisa mmoja Mzungu, kijana, pamoja na homgadi wanne, walinzi wa Kikuyu wa upande wa serikali, na mkubwa wao. Mkubwa huyo alikuwa muumini wa kanisa letu. Walitusimamisha sote uani, kisha wakateremka mtoni, na baada ya muda mfupi mkubwa wa homgadi akapiga kelele tuletwe.

Nilimwona akifanya ishara ya msalaba. Sipendi watu wasimuliao kwamba yule mtu alikuwa mwovu. Aliogopa kweli. Alikuwa ameinua kifuniko, na ndani ya maji yale meusi lile tunda lilielea, limelowa, limefura, lina nyuzi kama nyama ya siku nyingi.

"Afande, hii si pombe," alisema. "Hii ni kiapo. Ona nyama!"

"Si nyama, bwana," akasema Mpishi. "Ni muratina. Wewe unaijua. Babako alikunywa."

"Ati muratina? Muratina inakaa kwa moto! Nani aliona muratina ndani ya shimo, kwa baridi, kama maiti? Na iko nyeusi hivi? Na hii jina, ni ya nini? Sema!"

Afisa aliinama akaangalia herufi. "Nani naandika hii?" akauliza kwa Kiswahili chao cha kwenye mashamba.

Kipande cha chaki kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimekishika.

Mpishi hakunitazama. Hata kwa kosa hakugeuza macho upande wangu. "Kila kilicho ndani ya shimo hili ni changu, bwana," akasema.

"Naandika wewe?"

"Changu."

Mpishi hakujua kuandika jina lake mwenyewe. Alipopokea posho alitia dole gumba. Sista alijua, watumishi walijua, mimi nilijua. Kama ningesema, mimi Mluhya wa Magharibi, mwalimu, mwenye karatasi safi, wangeniuliza maswali mawili matatu, na mwisho wangenicheka. Nilijiambia kwamba mke wangu ana mimba ya miezi minane. Ilikuwa kweli, na haikuwa sababu. Sababu ilikuwa woga, na chini ya woga kulikuwa na jambo dogo zaidi na baya zaidi: wanafunzi wangu walikuwa wamesimama pale juu ya ukingo, na sikutaka wajue kwamba mwalimu wao hakujua maana ya neno aliloliandika.

Homgadi mmoja alimpiga Mpishi kwa kitako cha bunduki, upande wa kulia wa kichwa, juu ya sikio. Alianguka huku mkono mmoja ukiwa bado juu ya pipa. Kisha wakalipindua pipa kwa miguu. Bia ilimwagika mtoni, ikawa povu kubwa la rangi ya kahawia, likashuka polepole na maji, na harufu ya mkate ikajaa bonde lote. Ndipo sote tukasikia, karibu sana, kana kwamba ni mtu aliye katikati yetu: mara tatu fupi, na pumzi moja ndefu.

Mkubwa wa homgadi alivua kofia yake.

"Nani amekohoa?" akauliza.

Afisa alicheka kidogo, akaacha. Wakamfunga Mpishi mikono, wakaondoka naye, upesi kuliko walivyokuja.

Padre aliporudi aliandika barua, akaeleza maana ya Bok kwa ofisi tatu, bila kusaidiwa. Niliungama kwake siku ya Ijumaa Kuu. Kutoka nyuma ya kitambaa aliniambia kwamba yeye hawezi kulitoa neno hilo humo, kwa kuwa ni siri ya kitubio, ila mimi ninaweza, na malipizi yangu ni kwenda kulisema. Nilikwenda. Nilipanga foleni mbele ya ofisi ya wilaya asubuhi nzima, na nilipofika dirishani nikaomba kibali cha mke wangu kusafiri. Nikakipata. Padre alifariki kabla ya Kwaresima iliyofuata, bila kuonja alichongojea miaka thelathini. Mpishi, tulisikia, alikuwa kambini Mwea, akilima mifereji.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa nimeshuka peke yangu mtoni. Shimo lilikuwa tupu. Kati ya majani niliona lile tunda, limetupwa, bado bichi. Nililichukua, nikalikausha juani, nikalitia kwenye kopo la kakao. Sikujua kwa nini. Tulihama Nyeri, tukaishi Karatina, tukaishi Embu, na kopo likahama nasi. Kila mwaka, Kwaresima ikikaribia, lilitoa jasho kwa nje hata siku kavu. Mke wangu alisema, "Kopo lako linanuka mkate." Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta ameandaa vikombe viwili vya chai. Aliniuliza mgeni yuko wapi, kwa kuwa amemsikia akikohoa chumbani. Nilisali juu ya kopo lile, nikalinyunyizia maji ya baraka. Sikulitupa. Niliogopa kulitupa kuliko nilivyoogopa kuwa nalo.

Miaka ilipita, Uhuru ukaja, nikawa mkaguzi wa shule, na kazi ikanipeleka Mwea. Mifereji ilikuwa imejaa maji, mpunga umesimama kijani mpaka upeo wa macho, watu wakipita na magunia juu ya baiskeli. Nilitembea na mfuko wangu wa vitabu, na ndani yake, kama siku zote Kwaresima, kopo. Mbele ya kinu cha mpunga palikuwa na mzee wa kofia ya kiua akichoma vitumbua. Niliitambua mikono kabla ya uso.

"Mwalimu," alisema kabla sijamsalimu. "Umezeeka vibaya."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Keti. Kula kitumbua, mchele ni wa hapa hapa."

Niliketi kwenye gunia, upande wake wa kulia. Nikaanza. Nilimweleza kuhusu chaki mfukoni, mimba ya mke wangu, wanafunzi ukingoni, dirisha la ofisi, kibali. Nilisema kwa muda mrefu, nikaeleza kila sababu na sababu ya sababu. Yeye aligeuza vitumbua kimoja kimoja, bila kuinua macho. Nilipomaliza, aligeuza kichwa chote, kama ndege.

"Ulikuwa unasema kitu? Sikio hili waliliua. Njoo upande huu."

Nikasimama nikazunguka. Sasa kina mama watatu walikuwa wamefika na mabakuli yao, wamesimama wakingoja kuhudumiwa. Nilitazama mikono yangu.

"Neno lile niliandika mimi," nikasema. "Ukachukuliwa wewe, nikanyamaza."

Kina mama walinitazama. Mpishi aliwapakulia vitumbua vyao, kila mmoja na idadi yake, akawatakia siku njema.

"Mara ya pili umesema vizuri zaidi," akaniambia. "Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi."

Sijui mpaka leo kama alikuwa ameisikia ile ya kwanza. Nilikuwa bado nalitafakari hilo alipoinamisha kichwa, sikio lililokufa likielekea mfuko wangu, na uso wake ukabadilika ukawa uso wa zamani, wa shimoni.

"Mfuko wako unakohoa," akasema.

Nilitoa kopo. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akaliweka kwenye lile sikio. Upande ule, alisema, hasikii kinu, hasikii watu, hasikii hata adhana. Mafuta yalianza kuungua na hakuyajali.

"Guka yumo?" nikauliza.

"Yumo. Wote wamo. Wanauliza mbona umewatia kwenye kopo la kakao."

Nyuma ya kibanda chake, kando ya mfereji, alikuwa amefukia mtungi mpaka shingoni, mahali ambapo maji hupita baridi. Ndani yake mlikuwa na uji mweusi uliopoa, ukingoja. Hakunieleza aliutengeneza kwa ajili ya nani, kwa kuwa Padre alikwisha kufa, naye mwenyewe bado hanywi. Alilitumbukiza lile tunda, akafunika, akafuta shingo ya mtungi kwa pindo la kanzu. Kisha akaokota kipande cha mkaa, akanipa.

"Niandikie jina, Mwalimu."

"Kwa lugha gani, Mzee?"

Hapo ndipo alipocheka, kicheko cha jikoni kule Nyeri, na meno machache. "Kiswahili! Ingawa siku hizi ukiandika Beberu, watasema ni Mzungu mnyonyaji. Wakinikamata safari hii, nitakamatwa kwa siasa. Heshima kubwa."

Nilipiga magoti matopeni, nikaandika BEBERU. Herufi hazikuwa za mwalimu. Kisha, chini yake, kwa herufi kubwa zile zile, nikaandika jina langu lote.

Aliinama akatazama, yeye asiyejua kusoma. "Hapo chini umeandika nini?"

"Aliyeandika."

Alitikisa kichwa kukubali. Akashuka polepole kwa magoti yake yaliyochoka, akalaza sikio lililokufa juu ya mtungi, akainua kidole ili ninyamaze. Safari hii nilinyamaza kwa sababu niliambiwa.